Ufa, Mvunjiko na Mwachamo: Istilahi za Kupima Ukuaji wa Ufa kwa Umeme

Si zamani sana sehemu yetu ya istilahi ililetewa rasimu ya mwongozo wa maabara uliotafsiriwa kwa ajili ya mafundi wanaojifunza kupima uimara wa metali. Mfasiri alikuwa mtu hodari na Kiswahili chake kilikuwa safi. Hata hivyo, katika ukurasa mmoja tulikuta sentensi isemayo kwamba mpasuko ukishatokea, fundi aendelee kuipa sampuli mizunguko ya mzigo na kusoma volteji kwa vipindi vilivyopangwa. Katika ukurasa wa pili yake tukakuta nyingine isemayo kwamba mpasuko ukishatokea, fundi azime mashine mara moja. Neno ni lile lile, amri ni mbili zinazopingana.

Tulipoulinganisha na mwongozo wa asili tuliona chanzo cha kasoro hiyo. Lugha ya asili ilikuwa na maneno mawili: moja la ufa unaoanza na kuendelea polepole ndani ya chuma ambacho bado ni kizima, na jingine la chuma kukatika kabisa. Mfasiri aliyaona yote mawili kuwa ni mpasuko, na kwa mazungumzo ya kila siku hakukosea. Lakini mashine ya aina hiyo huvuta kwa kani ya tani kadhaa, na fundi atakayefuata amri ya kwanza mahali pa amri ya pili anaweza kuumia. Kwa sababu hiyo tuliamua kuyachunguza maneno ya elimu hii, na katika makala haya tunawaeleza wasomaji wetu tuliyoyaona. Tutaanza na jambo lenyewe kabla ya maneno yake, kwani istilahi iliyochaguliwa na mtu asiyeelewa kitu kinachoitwa haidumu.

Wazee wametuachia methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mhandisi wa metali anaikubali methali hii nusu tu. Ufa ulio ndani ya ekseli ya gari moshi au ubavu wa ndege hauzibiki kwa udongo, na mara nyingi haujulikani kama upo. Lililo mikononi mwake ni kujua ufa unakwenda kwa kasi gani, ili chombo kitolewe kazini kabla haujafika mahali pabaya. Ufa wa namna hii hauhitaji mzigo mkubwa. Unahitaji mzigo wa wastani unaorudiwa mara maelfu, ndiyo maana hali hiyo huitwa uchovu wa metali, jina ambalo tunaliona limekaa vizuri na hatuna sababu ya kuligusa.

Mfano unaofahamika sana ni wa ndege za abiria za aina ya Comet, zilizotengenezwa Uingereza. Mwaka 1954 mbili kati yake zilivunjika angani juu ya bahari ya Mediterania, ya kwanza mwezi Januari karibu na kisiwa cha Elba, ya pili mwezi Aprili upande wa Naples. Wachunguzi wa Farnborough waliichukua ndege nyingine ya aina hiyo, wakakitia kiwiliwili chake ndani ya tangi kubwa la maji, wakawa wanaongeza kanieneo ndani yake na kuipunguza, tena na tena, kana kwamba inapaa na kutua. Baada ya safari zipatazo 3,000, zikijumlishwa zile za kweli na zile za tangini, ubavu wake uliachia kuanzia kwenye pembe ya uwazi uliokatwa ndani ya bati. Ufa ulikuwapo na ulikuwa ukikua kwa muda. Hapakuwa na mtu aliyekuwa akiupima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Paul Paris na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba kasi ya ufa kwa kila mzunguko wa mzigo inafuata kanuni, na kanuni hiyo inategemea jinsi ukali wa mkazo unavyopanda na kushuka kwenye ncha ya ufa. Kwa vyuma vingi, ukali huo ukiongezeka mara mbili, kasi huongezeka mara nane hivi. Ndiyo kusema kosa dogo la kupima urefu wa ufa leo huwa kosa kubwa la kutabiri siku ya kuvunjika. Kutokana na hesabu kama hizo huamuliwa ndege ikaguliwe baada ya safari ngapi. Kwa hiyo kipimo cha ufa maabarani kina deni kwa watu ambao hawatakiona kamwe.

Sasa, ufa hupimwaje? Njia ya zamani ni macho na darubini. Fundi hung'arisha ubavu wa sampuli, huchora mistari ya vipimo, na kuhesabu ncha ya ufa imefika wapi. Njia hii ni nzuri, lakini jicho linaona ubavuni tu, na mara nyingi ufa ulio katikati ya bamba huwa umetangulia mbele kuliko ule wa ubavuni. Tena jicho haliwezi kuchungulia ndani ya tanuri la nyuzi mia sita, wala haliwezi kukesha usiku kucha kwa wiki tatu. Umeme unaweza.

Neno mkondo tumelichukua kutoka kwenye maji, na hapa asili yake inatusaidia sana. Tuchukue mfereji wa kumwagilia shamba. Maji yanapita kwa kiasi kile kile kila dakika. Mtu akiusukumiza ubao kutoka ukingo mmoja kuelekea wa pili, maji yatalazimika kupita kwenye nafasi iliyobaki, na kadiri ubao unavyozidi kuingia ndivyo maji yanavyopanda upande wa juu yake kuliko upande wa chini. Mtu asiyeuona ubao wenyewe anaweza kujua umeingia kiasi gani kwa kupima tofauti ya vimo vya maji pande zake mbili. Ubao ni ufa. Hewa iliyo ndani ya ufa ni kihami, umeme hauipiti, kwa hiyo mkondo huuzunguka ufa na kubanana kwenye chuma kilichobaki mbele ya ncha yake. Ufa ukirefuka, chuma hicho hupungua na ukinzani huongezeka. Mkondo ukishikiliwa bila kubadilika, kanuni ya Georg Ohm ya mwaka 1827 inatuambia kwamba tofauti ya potenshali kati ya nukta mbili zilizo huku na huku ya ufa lazima iongezeke nayo.

Vifaa vyake havitishi. Nyaya mbili nene hupeleka mkondo mnyoofu ndani ya sampuli, na nyaya mbili nyembamba, zilizochomelewa karibu na mdomo wa ufa, hupeleka tofauti ya potenshali kwenye voltimita. Sampuli hutengwa na mashine kwa vihami, ili mkondo usipotelee kwenye vishikio. Kigumu ni udogo wa kinachopimwa. Kwa kawaida mkondo huwa wa ampea 5 hadi 50, lakini chuma ni kipitishi kizuri mno, hata tofauti inayopatikana huwa kati ya milivolti 0.1 na 50. Badiliko linaloletwa na ufa kurefuka kidogo ni sehemu ndogo tu ya hiyo.

Hapa ndipo tulipogongana na istilahi ya kwanza. Kiingereza kinaiita njia hii kwa jina lenye maana ya potenshali kuanguka au kushuka, nacho kina sababu zake, kwani potenshali hushuka kutoka mwanzo wa kipitishi hadi mwisho wake. Rasimu yetu ilitafsiri neno kwa neno ikapata "anguko la potenshali". Fundi akaambiwa kwamba ufa ukikua, anguko linapanda. Tuliwauliza vijana wawili wa fani ya umeme wanaelewaje sentensi hiyo. Mmoja alisema mshale wa voltimita unapanda, wa pili alisema unashuka, na kila mmoja alikuwa na hoja. Tunapendekeza anguko liachwe. "Tofauti ya potenshali" ni istilahi iliyokwisha kuzoeleka katika vitabu vya fizikia. Tofauti huongezeka au hupungua, na hakuna anayeshangaa. Njia yenyewe basi iitwe njia ya tofauti ya potenshali.

Turudi kwa mpasuko. Nguo hupasuka, tairi hupasuka, mbao hupasuliwa, na hospitalini mgonjwa hupasuliwa. Katika mifano yote hiyo neno halituambii kama kitu kimegawanyika kabisa au la. Ardhi iliyokaushwa na jua huatuka, na mwatuko wake ni wa mistari mingi juu ya uso, jambo ambalo ni tofauti pia. Jibu tulilipata jikoni. Chungu kilichoingia ufa bado ni chungu, na mwenye nacho ataendelea kukitumia huku akikitazama kwa mashaka. Chungu kilichovunjika ni vigae. Hakuna Mswahili anayechanganya mambo hayo mawili. Kwa hiyo tunapendekeza ufa, wingi wake nyufa, kwa kile kinachokua ndani ya kitu ambacho bado ni kizima, na mvunjiko kwa tendo la kitu hicho kuachana. Mpasuko ubaki kwa nguo na matairi. Sentensi mbili za rasimu sasa zitasema kwamba ufa ukishatokea fundi aendelee, na mvunjiko ukishatokea azime mashine.

Neno la kukua lilitusumbua zaidi. Mjumbe mmoja alipendekeza "maendeleo ya ufa", tukacheka sote, naye mwenyewe akacheka, kwa maana katika nchi yetu maendeleo ni kitu kinachozinduliwa kwa ngoma. "Kuenea" nako kunaleta picha ya doa la mafuta, linalokwenda pande zote. Kukua kunafaa kwa jumla, nasi tumekutumia katika kichwa cha makala haya, ila kuna hatari ndani yake. Mwenye nyumba akisema ufa wa ukutani umekua, mara nyingi ana maana kwamba sasa unapitisha kidole, yaani umepanuka. Mtu wa maabara ana maana kwamba ncha yake imesogea mbele. Kwa umeme mambo haya mawili hayalingani hata kidogo. Ufa ulioachama kwa nusu ya milimita na ufa ulioachama kwa unywele humzuia umeme sawasawa, maadamu nyuso zake hazigusani. Ncha ikisogea mbele, voltimita hulitambua jambo hilo mara moja. Kwa hiyo panapohitajika usahihi tunapendekeza "urefukaji wa ufa" kwa kusogea kwa ncha, na "mwachamo wa ufa" kwa nafasi iliyopo kati ya nyuso zake mdomoni. Kwa kuwa tumekwisha kusema mdomo wa ufa, kuachama kwake hakuhitaji maelezo.

Tumesema maadamu nyuso hazigusani. Mzigo unaposhuka, ufa hufumba mdomo, nyuso zake hugusana, na umeme hupata njia ya mkato. Voltimita itaonyesha ufa mfupi kuliko ulivyo. Ndiyo maana usomaji hufanywa wakati mzigo uko juu kabisa, ufa ukiwa umeachama.

Adui mwingine ni joto, naye anakuja kwa milango miwili. Kwanza, ukinzani wa metali huongezeka kadiri joto linavyopanda. Shaba, kwa mfano, huongeza karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mtu akifungua dirisha la maabara mchana anaweza kuukuza ufa kwenye karatasi bila chuma kuwa na habari. Dawa yake ni kuweka jozi ya pili ya nyaya kwenye sampuli ile ile, mahali ambapo ufa hauathiri kitu, na kugawanya usomaji wa jozi ya kwanza kwa usomaji wa jozi ya pili. Joto linazigusa jozi zote mbili kwa uwiano mmoja, na katika kugawanya huondoka. Jozi hii ya pili tunaiita jozi rejea.

Pili, mahali ambapo metali mbili tofauti zinakutana, tofauti ya joto huzaa umeme wake wenyewe, kama alivyoona Thomas Seebeck mwaka 1821. Waya wa shaba uliochomelewa kwenye chuma ni metali mbili. Volteji hii ndogo hujiunga na ile tunayoitaka bila kubisha hodi. Ujanja wa kuitoa ni kuugeuza mkondo. Tuseme mkondo ukienda upande mmoja tunasoma mikrovolti 420, na ukigeuzwa tunasoma mikrovolti 396 kwa alama ya kutoa. Volteji ya ufa hugeuka pamoja na mkondo, volteji ya joto haigeuki. Tukijumlisha 420 na 396 na kugawa kwa mbili tunapata 408, ambayo ndiyo haki ya ufa. Mikrovolti 12 zilizobaki ni za joto. Zisingetolewa, siku nzima ya kazi ingeharibika, kwa kuwa badiliko tulilolitafuta huenda lilikuwa mikrovolti 4 tu.

Yote haya yanatupa volteji. Hayatupi milimita. Kutoka volteji kwenda milimita lazima pawe na daraja, nalo hujengwa kwa kuchukua sampuli zenye ufa wa urefu unaojulikana, kusoma volteji ya kila moja, na kuchora mchirizo. Kwa baadhi ya maumbo hesabu imekwisha kufanywa; fomula ya H. H. Johnson ya mwaka 1965, kwa bamba lenye ufa katikati, inatumika hadi leo. Kwa kazi hii tulikuwa na "kuhakiki", lakini kuhakiki ni kuuliza kama mizani ni ya haki au la, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Hapa tunakilinganisha chombo na kitu kinachojulikana ili tujue kila alama yake ina thamani gani. Watu wa viwango hapa nchini wamekwisha kuzoea neno ugezi, kutokana na kugeza, nasi hatuoni sababu ya kubuni jingine.

Jambo hili linatuongoza kwenye pendekezo ambalo tunaona lina uzito kuliko yote, ingawa halihusu neno jipya. Rasimu iliandika "voltimita inapima urefu wa ufa". Haipimi. Inapima volteji, urefu unakadiriwa kwa msaada wa ugezi. Jaribio likiisha, sampuli huvunjwa makusudi, uso wa mvunjiko hutazamwa kwa darubini, na alama ya mahali ufa ulipofikia hulinganishwa na kile voltimita ilichosema. Visipopatana, kadirio ndilo linalorekebishwa. Fundi aliyefundishwa kwamba mashine "imepima" urefu hataona haja ya kufanya hivyo. Basi kipimo kiwe kwa volteji na kadirio kiwe kwa urefu, na waandishi wasibadilishane maneno haya kwa ajili ya kupamba mtindo.

Ipo pia njia ya mkondo geu. Mkondo unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde haupiti katikati ya chuma, hukimbilia kwenye tabaka jembamba la nje ambalo kwa chuma cha kawaida huwa chini ya milimita moja. Lugha nyingi huliita tabaka hilo ngozi. Sisi tungependelea "tabaka la nje", kwani ngozi hubanduka na hili halibanduki. Mkondo huo ukikutana na ufa hauzunguki kwa mbele. Hushuka kwenye uso mmoja wa ufa hadi chini, kisha hupanda kwenye uso wa pili. Hesabu yake basi ni nyepesi ajabu. Ncha mbili za kupimia zilizoachana milimita 10 zikiwekwa mahali pazima na kusoma 2, kisha zikaupanda ufa na kusoma 3, njia ya umeme imekuwa milimita 15 badala ya 10. Zile milimita 5 za ziada ni za kushuka na kupanda, kwa hiyo kina cha ufa ni milimita 2.5. Ni lazima ufa uwe mrefu kuliko kina chake. Ukiwa mfupi, sehemu ya mkondo huukwepa kwa pembeni na kina huonekana kidogo kuliko kilivyo. Hapa tena maneno yajihadhari, kwa kuwa kinachopatikana ni kina cha ufa, si urefu wake.

Wasomaji wasidhani kwamba kuutumia umeme kutafuta ufa ni jambo la jana. Mwaka 1911 gari moshi lilianguka huko Manchester, katika jimbo la New York, na watu zaidi ya 20 walikufa kwa sababu ya reli yenye nyufa za ndani ambazo hakuna mkaguzi angeweza kuziona. Elmer Sperry alishughulikia tatizo hilo, na mwaka 1928 gari lake la kukagua reli lilianza kazi: lilipitisha mkondo mkubwa ndani ya reli na kutambua mahali mkondo ulipopotoshwa na ufa. Huko ni kugundua ufa, si kupima ukuaji wake, na tungeshauri vitenzi hivyo viwili navyo visichanganywe.

Limebaki neno moja ambalo hatujalipata. Ufa hauna saa moja ya kuzaliwa. Metali hupita kipindi ambacho kuna mikwaruzo na vijitundu visivyoitwa ufa bado, kisha pole pole kimojawapo huwa ufa. Mapendekezo matatu yametufikia: uanzaji, uchipukaji na mchomozo. Uanzaji ni mpana mno. Uchipukaji una uhai ndani yake, na mchomozo unatuonyesha kitu kinachotoka nje, ambapo ufa huingia ndani. Wasomaji walio katika karakana za reli, bandari na viwanja vya ndege, ambao huenda wana neno lao la siku nyingi, tunawaomba watuandikie kabla orodha haijapelekwa kwenye kamati ya usanifishaji.